Vita ya 1914: tusimsingizie Nietzsche

SALMA: Haya karibuni tena, leo bado tuko kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, na kaka Juma nianze na wewe maana watu wengi wanaamini kabisa aliyeileta ni Nietzsche, yule mwanafalsafa wa Kijerumani, na mambo yake ya mtu mkuu, mtu anayewapita wengine wote.

JUMA: Wanamwonea bwana. Nietzsche akili ilimruka 1889, akafa 1900, na alipokuwa mzima aliwaponda sana hao hao Wajerumani wa kujisifia taifa. Kweli askari wa Ujerumani waligawiwa kitabu chake cha Zarathustra, nakala kama 150,000, ila hapo vita ishaanza.

SALMA: Sasa nani wa kumbana?

JUMA: Mimi nawabana waliochukua habari za Darwin za viumbe wakazipachika kwenye siasa, kwamba mataifa nayo yanawindana, asiyekua ataliwa. Mjerumani Bernhardi, jenerali kabisa, aliandika kitabu vita haijaanza bado, anasema vita ni hitaji la kibayolojia. Alafu mcheki Conrad, mkuu wa majeshi ya Austria-Hungaria, imani yake ndo hiyo hiyo, mwaka 1913 pekee alipendekeza waipige Serbia mara 25.

SALMA: Mara 25 mwaka mmoja!

JUMA: Na mmoja wa waliokuwa wanamzuia ni Franz Ferdinand, mrithi wa kiti, yule yule aliyekuja kuuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Yaani ile risasi imemwondoa mtu aliyekuwa anasema jamani tulieni, na Conrad amebaki na njia nyeupe.

SALMA: Dah. Ila si kulikuwa na mikataba, reli, ratiba za kuita majeshi, wivu wa manowari, hayo je?

JUMA: Yote yapo dada, siyakatai, lakini hivyo vyote vinasubiri mtu aamue, na mwamuzi ana kitu kichwani. Moltke, mkuu wa majeshi ya Ujerumani, Desemba 1912 mbele ya Kaisari, mfalme wao, alisema vita haikwepeki, na ikija mapema ndo bora. Mtu ashaamini hivyo, kwenye mazungumzo ya Julai 1914 ya kuepusha vita utamwambia nini akusikie?

SALMA: Mimi wanaoniuma ni maprofesa. Agosti Wajerumani wamechoma maktaba ya chuo kikuu cha Leuven kule Ubelgiji, Oktoba wasomi 93 wanatoa tamko kuwatetea wanajeshi wao, na Max Planck mzima, mwanafizikia mkubwa, kaweka jina! Einstein, mwanafizikia mwenzake, hakuweka jina hapo, akasaini karatasi nyingine ya kuwaomba Wazungu waungane, ikapata sahihi nne tu na yake ikiwemo.

JUMA: Na Ufaransa hawakuwa wasafi, mwanafalsafa wao Bergson Agosti hiyo hiyo anatangaza kupigana na Ujerumani ni ustaarabu dhidi ya ushenzi.

SALMA: Ushenzi! Neno walilokuwa wanatubandika sisi huku Afrika, leo wanapeana wenyewe.