Saini ya Fundi wa Ndege

Walimu na wanafunzi, asanteni kwa kunikaribisha.

Naanza na mdudu mnayemjua: nyigu. Hapa Dodoma mvua zikianza tu, anabeba tope na kujenga kwenye kona za kuta, hata kwenye tundu la kitasa. Sasa, ndege ina bomba dogo lililochomoza nje, tunaliita pitoti. Hewa inayoingia humo ndiyo inayopimia mwendo. Likiziba, rubani anasoma uongo.

Tarehe 6 Februari 1996, Boeing 757 iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaanguka baharini muda mfupi baadaye. Walikuwamo watu 189. Hakupona hata mmoja. Mabomba yenyewe hayakuopolewa, lakini wachunguzi waliona kuna uwezekano mkubwa kwamba mdudu aliziba moja, kwa kuwa ndege ilikuwa imeegeshwa bila vifuniko. Marubani nao walilaumiwa, na kwa haki. Mimi fundi, hata hivyo, siachi kukiwaza kile kifuniko.

Oktoba mwaka huohuo, huko Peru, 757 nyingine ilioshwa, matundu yake ya kupimia hewa yakabandikwa utepe. Utepe ukasahauliwa. Wakafa watu 70.

Kwa hiyo mkinikuta asubuhi naizunguka ndege, mjue nachungulia kila tundu, napapasa kwa mkono pale macho yasipofika. Jioni kila spana inarudi mahali pake. Ikikosekana moja, ndege hairuki mpaka ipatikane.

Ila kazi ngumu kuliko zote haina spana. Abiria wamekaa, meneja anaangalia saa, na bolti moja haijakazwa kwa kipimo cha kitabu. Wote wanakusubiri wewe usaini kwamba ndege iko salama kuruka. Usisaini! Wala si ukaidi. Wale watu wamepanda kwa kuamini kwamba kuna mtu amekagua, na mtu mwenyewe ni wewe.

Leseni inatolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania; mafunzo yapo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Kazaneni na fizikia na hisabati, na Kiingereza cha kusomea vitabu vya matengenezo, maana fundi hafanyi kazi kwa kukariri: anafungua ukurasa kwanza, hata kama gurudumu hilo ameshalibadilisha mara nyingi. Uwanja wa Msalato uko hapo jirani, na ndege zitakazolala Dodoma zitahitaji mafundi wanaoishi Dodoma, wavulana kwa wasichana.