Mlango wa Kutokea Uko Wapi?

Assalaam aleikum. Wazee wangu mlioketi mbele, dada na ndugu zangu, na nyinyi vijana mliobanana upande ule kwa sababu ndiko feni iliko, ahsanteni kwa kuja.

Walionialika walitaka niwatajie zana bora za kuandikia programu, na simu ya kununua mwaka huu. Orodha za namna hiyo hazimalizi mwaka, na humu ndani wamo wanaozijua kunishinda. Mimi nitawaeleza ninavyochagua. Zana mpya ikiletwa mbele yangu, sianzi kuuliza inafanya nini. Kufanya zote zinafanya, na siku ya kuonyeshwa zote zinapendeza. Nauliza: siku nikitaka kuondoka, au mwenye zana akiamua kunitoa, nitatoka na nini mkononi? Mlango wa kutokea uko wapi, na ufunguo anao nani?

Swali hili lina historia. Mnaijua Git, programu ya kuhifadhi msimbo na historia ya kila badiliko lake, nyote mnaitumia, hata wale wanaoitumia kwa amri tatu tu na dua. Kabla yake, waliokuwa wakitengeneza kiini cha Linux, mfumo endeshi wa bure wa kompyuta, waliweka kazi yao katika BitKeeper, programu ya kampuni ya kazi hiyo hiyo. Walianza mwaka 2002, na walipewa bure. Ilikuwa nzuri, Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, akiisifu. Mwaka 2005 ukazuka mzozo: mmoja wa wataalamu alikuwa akichunguza jinsi BitKeeper inavyozungumza na seva yake, kampuni ikaudhika, ruhusa ya bure ikaondolewa. Mradi mkubwa vile, wa watu wa dunia nzima, ukajikuta hauna pa kuweka kazi yake. Torvalds akaketi mwezi wa Aprili, na katika siku chache akawa na toleo la mwanzo la Git, ambalo tayari msimbo wake wenyewe ulikuwa ukihifadhiwa ndani yake.

Tazameni alichokiweka ndani yake. Kila anayenakili mradi hupata historia yote, tangu mstari wa kwanza. Seva ikizama baharini, laptopu yako ina kila kitu. Kwa hiyo mtu akiniambia Git ni ngumu, namkubalia, amri zake zina majina ya ajabu. Lakini ugumu huo naulipia kwa moyo mweupe, kwa sababu hakuna wa kunifungia nje ya kazi yangu.

Sasa vihariri, zile programu za kuandikia msimbo, maana najua mnangoja nitaje changu mnizomee. Natumia Visual Studio Code ofisini kama wengi wenu. Ni mali ya Microsoft, ilitoka mwaka 2015, na inakula kumbukumbu ya kompyuta bila haya kwa sababu chini yake mna kivinjari kizima cha wavuti. Mbona basi siiogopi? Kwa sababu ya jambo lililofanyika mwaka 2016. Zamani kila kihariri kilibidi kifundishwe kila lugha: kukamilisha majina, kuonyesha makosa, kukupeleka mahali jina lilipozaliwa. Ikawa akili yote imo ndani ya kihariri, na ukikihama unaiacha huko. Microsoft na wenzao wakatoa itifaki ya wazi, yaani kanuni za programu kuzungumza zenyewe kwa zenyewe: akili ya lugha inakaa katika programu yake ya pembeni, na kihariri chochote kinaweza kuzungumza nayo. Programu ile ile inayonikosoa ndani ya VS Code hunikosoa ndani ya Vim, kihariri kingine cha zamani, kwa maneno yale yale. Kuhama kukawa rahisi, na mimi mahali ambapo kuhama ni rahisi naweza kukaa miaka.

Nimeitaja Vim, basi niseme neno. Ukiifungua bila faili utaona mstari unaokuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Vijana hudhani ni mzaha. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeiandika na kuitoa mwaka 1991, aliwahi kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, katika kituo cha watoto. Programu aliitoa bure, na aliyetaka kushukuru akaelekezwa huko. Alifariki Agosti 2023. Vim bado inaendelea mikononi mwa wengine, kwa sababu msimbo wake uko wazi. Mimi naiweka kwa sababu ya foleni ya Likoni pia: seva ikisumbua nami nimeshika simu nangoja feri, mtandao umebaki kijistari kimoja, kihariri kizito hakifunguki.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika, kwenye mtandao. Sisi watu wa Mombasa tuna kiburi chetu, na tuna haki nacho: nyaya za baharini zinatua kwetu. SEACOM na TEAMS zilikuja mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Mtu wa Nairobi akitazama video, imepita kwanza chini ya miguu yetu. Lakini Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa wakati mmoja kule kusini kuelekea Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikahema. Kukaa karibu na mahali waya unapotua hakukutusaidia kitu. Data yako ikiwa imehifadhiwa ng'ambo, wewe wa Nyali na yule wa Turkana mko sawa. Na umeme nao ni vivyo hivyo: mwaka uliotangulia, Agosti 2023, nchi ilikuwa imeingia kiza karibu yote, na kabla mwaka haujaisha stima zikapotea tena namna hiyo hiyo.

Basi nenda sokoni Kongowea ukatazame. Namjua mwenye duka la jumla pale, mchele, unga, mafuta ya mtungi. Aliuziwa programu ya mauzo, ya kulipia kila mwezi, kila kitu kiko kwenye seva za mwenye programu. Mtandao ukisita, skrini inazunguka. Wateja wamebeba magunia mgongoni, kijana wa kaunta ameinua mikono, na bei zote anazo kichwani ila programu haimruhusu kuuza. Wakamaliza kwa daftari, kalamu na kikokotoo. Alipochoka akaomba kumbukumbu zake za mauzo ili ahame, akapewa faili za kuchapisha, kurasa na kurasa, hakuna safu hata moja unayoweza kuijumlisha. Deni la wateja la miaka limo mle ndani kama picha. Huyo aliingia nyumba isiyo na mlango wa nyuma.

Alipokuja kwetu tulimwekea kitu cha kizamani: hifadhidata ya SQLite ndani ya kompyuta yake ya dukani, na mtandao ukipatikana nakala hupelekwa nje. Baadhi ya wenzangu huicheka SQLite, huiita ya watoto. Kila simu ya Android mliyo nayo mfukoni inayo. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000, ameiachia umma bila leseni yoyote, na wanaoitunza wamesema wanakusudia kuitunza hadi mwaka 2050. Hifadhidata nzima ni faili moja. Unainakili kwenye flashi, unaondoka.

Na stima je, ikipotea katikati ya kuandika? Hapa nawaomba wanafunzi wasikilize, maana ni kazi nzuri ya mikono. Kabla haijagusa ukurasa wowote wa faili, SQLite hunakili kwanza jinsi ukurasa huo ulivyokuwa, katika faili dogo la pembeni, na huhakikisha limefika kwenye diski. Kisha ndiyo inabadilisha. Ikimaliza, inalifuta lile dogo. Stima ikikatika njiani, siku ya kuwasha inakuta faili dogo bado lipo, inaelewa kwamba kazi haikukamilika, na inarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Uuzaji ama umeingia wote ama haukuingia kabisa. Hakuna nusu gunia. Kompyuta ya Kongowea huzimika ghafla kila mara, na hesabu ziko salama.

Nije kwenye akili unde, nisije nikaambiwa nimekwepa. Natumia. Anayesema haitumii siku hizi ama ana bahati ya muda mwingi ama anaficha. Kuandika vile visehemu vya kuchosha, kunieleza ujumbe wa kosa nisioujua, kubadilisha msimbo wa lugha moja uwe wa nyingine, inanifaa. Lakini nitawaonyesha kitu kimoja.

Tuliihitaji sehemu ya kukagua namba ya simu kabla ya kumtumia mteja ombi la kulipa kwa M-Pesa. Namba inatakiwa iwe ya mtindo wa kimataifa, 254 na tarakimu tisa, bila alama ya kujumlisha. Kijana ninayefanya naye kazi akaiomba zana yake iandike. Ikaandika safi, majina mazuri, maelezo ya Kiswahili fasaha, na majaribio juu yake, yaani msimbo wa kuupima ule wa kwanza. Majaribio yote yakapita, rangi ya kijani tupu. Ila ilidai kwamba baada ya 254 lazima ije 7. Mwaka 2019 Kenya ilifungua namba zinazoanza na 01, zile za 0110 na 0100 na nduguze. Mama mwenye laini ya 0110 angesimama kaunta pale Mtwapa na kuambiwa namba yake si sahihi, na hela anayo. Na majaribio? Yaliandikwa na zana ile ile, kwa hiyo yalijaribu 07 tu. Mkaguzi na mkaguliwa wamekosa kitu kile kile, watabaini nini?

Kijana akaniuliza, sasa bwana mkubwa, tuiache? Hapana. Rekebisha, iwe 7 au 1, kisha jaribio la 0110 uliandike wewe mwenyewe, kwa mkono wako, kwa sababu wewe ndiye unayejua jirani zako wana namba gani. Ninachoogopa mimi ni kingine. Zana hizi ni za kukodi, zinalipiwa kwa dola, na bei anaipanga mtu asiyetujua. Siku ikipanda, au kadi yako ikikataliwa, je, ile programu uliyoikabidhi kwa mteja unaweza kuifungua na kuelewa imeandikwa nini? Ukiweza, tumia utakavyo. Usipoweza, mlango wako wa kutokea ulikuwa kichwani mwako na umeuziba mwenyewe. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza nawaambia waanze bila hiyo, wanune, kisha baadaye waiwashe.

Simu nitazipita haraka, kwa sababu mambo yanayotangazwa sana kuhusu simu ndiyo yenye maana kidogo. Kamera ya nne sijawahi kukutana na anayeihitaji. Mimi naangalia tundu la chaja na betri. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na tundu ndilo linalokufa kwanza. Betri za lithiamu nazo adui yake ni joto. Dereva wa tuktuk anayebandika simu kioo cha mbele, jua la saa saba, ramani imewashwa na chaja imechomekwa, anaipika. Ikivimba hadi mgongo wa simu ukainuka, asiibonyeze, aipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo.

Na fundi atahangaika, kwa sababu siku hizi betri hugundishwa kwa gundi, hadi aipashe moto na kuikwangua polepole. Kibao hiki kinaanza kugeuka, ila si kwa huruma ya watengenezaji. Umoja wa Ulaya ulilazimisha tundu moja la USB-C kwa simu mpya tangu mwishoni mwa Desemba 2024. Apple waliona inakuja, wakabadilisha kuanzia iPhone 15 mwaka 2023. Kuanzia Februari 2027, sheria yao nyingine inataka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Kiwanda mara nyingi hakina haja ya kutengeneza simu aina mbili, kwa hiyo sheria iliyopitishwa Brussels huenda ikamfikia fundi wetu wa Mwembe Tayari bila yeye kupiga kura.

Tena kuna kitu ambacho wenye simu za bei huwa wanakidharau, nacho ni menyu ya nyota na reli. M-Pesa ilianza mwaka 2007 kwenye simu za vibonye, na hadi leo ukibonyeza *334# kwenye kabambe inafanya kazi, bila bando na bila kusasisha toleo. Ukitengeneza huduma ya watu wa Kilifi au Kwale ndani huko, anza hapo, programu ya simu ije baadaye. Kioo kikivunjika mteja anaihamisha laini kwenye simu ya jirani na huduma anayo.

La mwisho ni laptopu, maana najua ndilo swali la wenye mifuko kama yangu nilipokuwa chuoni. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi nzuri zilizotumika haziruhusiwi kupokea Windows 11. Wenye ofisi wanaziuza. Nunua moja, ya zile za kikazi zenye mwili mnene, unazoweza kufungua skrubu ukaongeza kumbukumbu na kubadilisha diski, weka Linux ndani yake. Kabla hujatoa pesa iwashe pale pale dukani bila chaja, uone betri inashuka vipi kwa dakika kumi, na ubonyeze kila kitufe cha kibodi kimoja kimoja hata muuzaji akikasirika. Yule bwana mdogo wa nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Windows. Apewe kipaza sauti, tuanze naye.