Leleti Khumalo atunzwe sasa, ama angoje?

MWANA: Haya jamani, asalaam aleikum, hamjambo, mwatujua, Mwana na Athu tena, na mkisikia sauti yangu inakwaruza mnisamehe maana Jumamosi nilikuwa harusini na nilishangilia mpaka koo likakauka.

ATHU: Harusi ya nani hiyo ambayo mimi sikualikwa?

MWANA: Ya wanawake bwana, ungeingilia wapi. Ukumbi mmoja pale Majengo, joto, feni zazunguka kama hazitaki, taarabu imeanza saa tatu usiku, na anayeimba ni bibi mtu mzima kabisa, amewaimbia mama zetu harusi zao. Sasa wapigaji wakaenda kupumzika, yule msichana wa mziki akaweka nyimbo za Sarafina. Athu, hakubaki mtu kwenye kiti! Kina mama na mabuibui yao wapiga miguu chini kwa mpangilio, Kizulu hawakijui hata neno lakini nyimbo waijua mwanzo mwisho.

ATHU: Nani asiyeijua, ile filamu shule tulikuwa twawekewa kila tarehe 16 mwezi wa sita, Siku ya Mtoto wa Afrika, kanda ikawa imechoka hata sura hazionekani vizuri na bado twalia.

MWANA: Sasa yule bibi ameketi na kikombe chake cha tangawizi, akaniuliza, "Na huyu mtoto mwenye nyimbo hizi, huko wamemtunza nini?" Nikakosa jibu. Ndio nikakupigia usiku uleule, nikakwambia wiki hii twamzungumzia Leleti Khumalo, yule aliyeigiza Sarafina mwenyewe, kama anastahili tuzo ya maisha au la. Na nimekuja na daftari, nina mafunzo matatu ya vijana wanaofanya maigizo hapa Mombasa, hayo nitayatoa mwishoni.

ATHU: Sawa, lakini tujue ni tuzo gani, maana siku hizi kila hoteli yatoa tuzo.

MWANA: Tony. Ile ya Broadway, New York, kubwa yao, ile maalumu wanayompa mtu kwa kazi ya umri mzima.

ATHU: Hapo sasa tutagombana.

MWANA: Ngoja kwanza niwaeleze wasikilizaji, maana wengi waijua ile filamu ya 1992 na Whoopi Goldberg, hawajui kwamba ilikuwa mchezo wa jukwaani kabla. Mbongeni Ngema ndiye aliyeutunga, Mungu amrehemu, alifariki ajali ya barabarani Desemba 2023, na mziki akasaidiana na Hugh Masekela. Wakauanzisha Market Theatre, Johannesburg, 1987, mwaka huohuo ukavuka mpaka New York, Januari 1988 ukaingia Broadway ukumbi wa Cort, ukachezwa mara 597. Na Leleti ni msichana wa KwaMashu, Durban, kazaliwa 1970, hesabu mwenyewe, ana miaka kumi na saba yuko mbele ya Wamarekani amebeba mchezo mzima.

ATHU: Hilo sikatai.

MWANA: Na mwisho wa ule mchezo, wanafunzi wafanya tamasha la shule, Sarafina avaa kama Mandela, asimama kuhutubia kana kwamba leo Mandela ametoka. Mandela mwenyewe wakati huo yuko jela! Mchezo Broadway umefungwa Julai 1989, mzee ametoka Februari 1990. Yaani huyu binti usiku baada ya usiku amemtoa Mandela jela kabla makaburu hawajamtoa. Mimi kila nikilifikiria hilo nywele zanisimama.

ATHU: Mwana, hata mimi zanisimama, lakini tuzo ya maisha haitolewi kwa nywele kusimama. Chita Rivera walimpa 2018, yule mama alikuwa Broadway tangu miaka ya hamsini, ameteuliwa Tony mara kumi, ameshinda mbili. Angela Lansbury alipewa 2022, miezi michache kabla hajafariki, naye tayari alikuwa na Tony tano nyumbani. Hao ni watu wa jukwaa, wamezeekea jukwaani. Leleti Broadway ana mchezo mmoja, baadaye ni filamu na tamthilia za televisheni, na kazi nzuri sana, ile Yesterday ya 2004 nimeiona mara mbili, lakini hiyo ni sinema.

MWANA: Mchezo mmoja kwa sababu baada ya hapo nani alimwandikia mwingine? Na 1988 walimteua, wakamweka wapi? Kundi la waigizaji wasaidizi! Mchezo waitwa Sarafina, Sarafina ni yeye, halafu ati msaidizi, na hata hiyo hakupewa, alichukua Judy Kaye wa mchezo wa Phantom. Hilo kwangu ni deni.

ATHU: Deni ni deni, tuzo ni tuzo. Ukianza kulipa madeni kwa tuzo hutamaliza. Na huko harusini kwenu mwatunza kwa madeni?

MWANA: Sana tu! Hujui kutunza wewe.

ATHU: Hebu nieleze basi, mimi hunipitia habari tu.

MWANA: Sikiza. Kwanza hwendi na noti ya elfu, wapita dukani mapema wachenjisha, hamsini hamsini na mia mia, kwa sababu wataka kuinuka mara nyingi. Halafu huinuki ovyo. Wamngoja mwimbaji afike ule mstari, wewe wajua ni upi, ndio wainuka polepole, noti iko juu kati ya vidole viwili, leso yako kiunoni, wacheza kidogo, hufululizi kama unakwenda kulipa stima. Wafika, wampa mkononi ama wamwekea pale mbele yake, na ukirudi kitini ndio wamwangalia yule uliyemkusudia.

ATHU: Aliyekusudiwa ni nani?

MWANA: Anajijua! Jumamosi kuna mmoja ameinuka ubeti mmoja mara nne, kila akirudi anapitia meza ileile, na ile meza wote wameinamia sahani zao za biriani.

ATHU: Sasa hizo pesa ni za mwimbaji ama za vita yake?

MWANA: Zote mbili. Sauti ya bibi ndiyo iliyompa nguvu ya kuinuka.

ATHU: La, hapo pana jambo kubwa, twende nalo. Huyo mtunzaji anatunza ili aonekane yeye. Ukumbi mzima wamtazama nani? Yeye na noti yake. Na hizi tuzo kubwa ni hivyohivyo, siku wakimpa Leleti, picha itakuwa ni wao, wazuri wao, wanakumbuka Afrika.

MWANA: Na bibi anabaki na pesa au habaki nazo?

ATHU: Anabaki nazo.

MWANA: Basi! Nia ya mtoaji ataihesabu Mungu. Yule bibi wakati wa kufunga wamemkunjia leso nzima ya noti, zimelowa jasho, zingine zimekunjamana, akaziingiza kwenye mkoba akafunga zipu akasema alhamdulillahi. Hakuuliza nani kampa kwa ajili ya nani.

ATHU: Lakini ametunzwa usiku uleule, akiwa kwenye ubeti. Huo ndio uzuri wa kwetu. Wazungu wangoja mtu afike miaka tisini.

MWANA: Kwetu nako si hivyo kila mara, Bi Kidude wa Unguja ametambuliwa na WOMEX, yale maonyesho ya mziki wa dunia, 2005, ni ajuza tayari, ameimba unyago na taarabu maisha yake yote.

ATHU: Sasa umenisaidia mimi! Bi Kidude hakuacha kuimba mpaka karibu na kufa kwake 2013. Hayo ndiyo maisha ya tuzo ya maisha.

MWANA: Sijakusaidia, usinishike maneno. Mtu aweza kufanya jambo moja likatosha umri. Soweto 1976, wanafunzi walipoandamana kama Sarafina inavyosimulia, ilikuwa siku ngapi? Na mpaka leo watoto wa Likoni na Changamwe wasimamishwa gwaride kwa ajili yake. Na waliofikisha ile habari kwa watu wa mbali ni wale vijana na nyimbo zao, mbele kabisa ni Leleti.

ATHU: Vijana! Umesema mwenyewe vijana. Jukwaa limejaa watoto, wote wameacha kwao, wote wameimba zile nyimbo kila usiku, mmoja akikosea sauti wimbo wote umeharibika. Wapewe wote. Ukimtoa mmoja ukamvika tuzo, wale wengine wamefutwa.

MWANA: Na wale wapiga fidla na ngoma wa Jumamosi, walitunzwa?

ATHU: Wanagawana!

MWANA: Wanagawana baadaye, lakini mkono ulionyoshewa noti ni wa mwimbaji, na hakuna mpigaji aliyenuna. Mtu mmoja hupokea kwa niaba ya kundi. Na wajua ule ukumbi wa Cort siku hizi waitwaje? James Earl Jones, yule muigizaji mkubwa wa Marekani, wameupa jina lake 2022, naye tuzo ya maisha walishampa 2017. Ukumbi uleule aliosimama binti wa KwaMashu. Mimi sisemi jina litolewe, mzee alistahili, nasema Leleti aitwe siku moja arudi pale jukwaani apewe chake, yuko hai, ana nguvu.

ATHU: Aitwe na wenzake wote walio hai, hapo nitapiga makofi mimi wa kwanza.

MWANA: Wenzake wakae viti vya mbele, apokee yeye.

ATHU: Apokee nani? Hapana Mwana, hapo sikubali, kabisa.

MWANA: Usikubali, sikulazimishi.

ATHU: Na kwa nini iwe New York? Kwa nini isiwe Durban, ama hata sisi pwani tukamwalika?

MWANA: Aje Mombasa nitamtunza mwenyewe, mia mia, nitainuka mpaka miguu iume. Lakini New York ndiko walikomwita msaidizi, na huko ndiko wanakotakiwa kulisahihisha.

ATHU: Magharibi inakaribia, na wenye chumba wako mlangoni. Na daftari lako?

MWANA: Mafunzo yote matatu! Sijafungua hata ukurasa.

ATHU: Soma moja basi haraka.

MWANA: La kwanza lataka nusu saa, la kusema kwamba muigizaji achague... a-a, haliwezekani, tutaliharibu. Wiki ijayo.

ATHU: Wiki ijayo tuna mambo ya feri.

MWANA: Basi yatakaa. Wasikilizaji tuandikieni, apewe ama asipewe.

ATHU: Ama wapewe wote, liandikeni na hilo.

MWANA: Hilo si chaguo!

ATHU: Ni chaguo, nimeliweka mimi.