Kabla ya Lifti, Toboa Sakafu

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wenye magari,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua lifti ya gari kwa ajili ya gereji ya nyumbani, na maswali mliyoniletea karibu yote yanahusu lifti yenyewe: ya nguzo mbili au nne, ya tani ngapi, iliyotengenezwa wapi. Nitayagusa. Mtaniwia radhi, hata hivyo, nikianza na jambo ambalo hakuna hata mmoja wenu aliyeliuliza, nalo ni jamvi, yaani sakafu ya zege ya gereji. Mara kwa mara naitwa kwenye nyumba ambako lifti imekwisha kununuliwa, imelazwa uani ikiwa bado imefungwa kwa mbao zake, na hakuna anayejua unene wa zege ambalo itasimama juu yake. Jambo hili linanikera, kwa sababu jamvi ulilonalo ndilo linaloamua ni lifti gani unayoweza kuinunua, na si kinyume chake.

Niwaeleze habari ya nyumba moja kule Mbezi. Mwenye nyumba, mzee mwenye Prado, alikuwa amenunua lifti ya nguzo mbili yenye uwezo wa tani 4, chombo kizuri kisicho na kasoro. Sakafu ya gereji yake ilikuwa imepigwa niru ikang'aa, bila ufa hata mmoja. Niliomba ruhusa ya kutoboa tundu mahali ambapo nguzo ingesimama. Keekee ilianza kutoa unga mkavu wa kijivu, kama inavyopaswa. Kisha, kabla kibiti hakijazama hata nusu, kikadidimia ghafla, na kilichotoka tunduni kikawa mchanga mwekundu wenye unyevu. Nilichukua kipande cha waya, nikakunja ncha yake, nikakiingiza hadi kikanasa chini ya zege, nikashika usawa wa sakafu kwa kidole na kupima. Zilikuwa sentimita 6, niru ikiwamo. Watengenezaji wengi wa lifti za nguzo mbili hudai zege lisilopungua sentimita 10, tena lenye uimara wa takriban megapaskali 21, ambao ni karibu na ule unaopatikana kwa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, likikorogwa na kushindiliwa vyema.

Mzee alinijibu kama ninavyojibiwa siku zote: "Fundi, hapa imewahi kuegeshwa Canter iliyojaa matofali, na hapakupasuka kitu." Nilimwamini, na ninawaamini wote wanaoniambia hivyo. Lakini gurudumu hukandamiza zege kuelekea ardhini, na ardhi hulisaidia kubeba. Nguzo ya lifti ina kazi nyingine kabisa: mikono yake imenyooshwa ndani, gari limekaa kwenye ncha za mikono hiyo, na kwa hiyo nguzo hutaka kuinamia ndani, huku bolti za upande wa nje zikivutwa kwenda juu. Mnazi ukisukumwa na kusi, mizizi ya upande unaotoka upepo ndiyo inayong'olewa. Bolti hizo hujishikilia kwa kujitanua ndani ya zege, na zege la sentimita 6 halina kina cha kuzishika.

Wapo wanaopendekeza kuweka bamba pana la chuma chini ya nguzo. Bamba hilo nalo litafungwa kwa bolti zile zile kwenye zege lile lile! Wengine husema heri kuchimba shimo la kushukia chini ya gari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama shimoni, na cheche moja ya taa mbovu yatosha kuuwasha wakati wewe umo ndani.

Kwa yule mzee tulikata jamvi, mraba wa mita 1.2 kwa kila nguzo, tukamwaga zege la sentimita 25 lenye nondo, na tukangoja siku 28. Alilimwagilia maji mwenyewe kwa ndoo, asubuhi na jioni. Leo Prado yake, yenye tani zaidi ya 2, hupanda na kushuka bila bolti kulegea.

Asiyetaka kukata jamvi na aitazame lifti ya nguzo nne, ambayo huugawa uzito na kulibeba gari likiwa juu ya magurudumu yake. Kwa kumwaga oili na kukagua chini inatosha kabisa, na binafsi ndiyo ninayowashauri wengi. Ila ukitaka kufungua magurudumu utahitaji jeki ya kuwekwa katikati ya reli zake, zile njia mbili ambazo magurudumu huzikanyaga. Lifti ya mkasi, ambayo hunyanyuka kwa vyuma vinavyokunjuka kama mkasi chini ya gari, hufaa kwa breki na matairi, lakini kwa giaboksi hukuzibia njia.

Urefu wa dari nitausema kwa haraka. IST ina kimo cha takriban mita 1.5, ukitaka kusimama wima chini yake ongeza mita 1.8, nawe umefika mita 3.3 kabla ya kuacha nafasi yoyote juu. Dari ya mita 3 haitoshi, na kwa Prado upungufu ni mkubwa zaidi.

La mwisho ni umeme. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na mafuta ya haidroli peke yake. Lishushe kwanza mpaka likalie kufuli za chuma. Lakini kwa lifti nyingi, ili kufuli ziachie ni lazima gari lipandishwe kidogo, na umeme ukikatika hapo gari litabaki juu. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama kuna pampu ya mkono, na akuonyeshe ikifanya kazi.

Kuhusu sehemu za kuinulia kwenye chasisi sitapata muda. Keekee ninayo hapa pamoja na ule waya. Anayetaka sakafu yake itobolewe wiki hii anione mlangoni, aniandikie mtaa anakokaa.