Mnyama wa nyumbani na afya yako: tuongee ukweli

Haya jamani sogeeni mbele kidogo, viti vya huku havina mwenyewe. Asanteni. Nimeombwa niongelee faida za kufuga paka, mbwa, ndege na wenzao, na najua wapo waliokuja wakitegemea niseme ukinunua mbwa leo kesho presha imeshuka. Hapana.

Kelele hizi zilianzia mbali kidogo. Mwaka 1980 kule Marekani Erika Friedmann na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 92 wa moyo waliofuatiliwa mwaka mzima baada ya kulazwa. Waliokuwa na mnyama nyumbani ni 53, wakafa 3. Wasio na mnyama 39, wakafa 11. Tofauti hiyo hata ambaye hesabu zilimshinda shuleni anaiona, ila na wewe jiulize, mtu aliye hoi anafugaje mbwa? Isije ikawa afya ndiyo iliyoleta mbwa. Halafu watu 92 ni wachache mno.

Ndio maana mimi napenda zaidi ule utafiti wa Sweden wa 2017, wale wana rejista ya kila mbwa kwa hiyo walichukua watu zaidi ya milioni 3.4 wa umri wa miaka 40 mpaka 80 wakawafuatilia hadi miaka 12. Anayeishi peke yake na mbwa, hatari ya kufa ilikuwa chini kwa asilimia 33 kuliko anayeishi peke yake bila mbwa. Kwenye nyumba zenye watu wengine ilikuwa chini kwa asilimia 11 tu. Nao wanakiri huenda wenye afya ndio wanaopenda kufuga, lakini hebu tazameni hiyo tofauti, kwa nini aliye mpweke ndiye anafaidi zaidi?

Mimi naona jibu liko mlangoni, pale inaponing'inia kamba ya mbwa. Mtu anayeishi peke yake anaweza kulala mpaka saa sita mchana na dunia isijue, lakini mbwa anajua, saa kumi na mbili asubuhi ameshaweka pua kwenye shuka, ukigusa funguo tu anazunguka mlango kama kachanganyikiwa, utaamka utake usitake. Robo saa asubuhi na robo saa jioni kila siku ni dakika 210 kwa wiki, wakati Shirika la Afya Duniani linataka walau 150 za mazoezi ya wastani, kwa hiyo ukikaza mwendo umeshavuka na jimu hujaiona. Na huko njiani kuna watu! Jirani mliyekuwa mnapishana kimya miaka yote leo anasimama, "huyu anang'ata?", kesho anauliza anaitwa nani, baada ya muda mnasalimiana vizuri kabisa ingawa jina la mbwa atalijua kabla ya lako.

Mnaocheka huko nyuma mnajua nasema kweli.

Kuna na mambo ya homoni. Watafiti wa Japani mwaka 2015 walionyesha mbwa na mwenye mbwa wakitazamana machoni kwa muda mrefu, oksitosini, ile homoni ya mama na mtoto, inapanda kwa wote wawili, wakajaribu na mbwa mwitu waliolelewa na watu, wapi. Naye Boris Levinson, mwanasaikolojia wa New York, miaka ya sitini aliandika jinsi mtoto aliyekuwa mgumu kufunguka alivyoanza kucheza na Jingles, mbwa wa Levinson mwenyewe, naye Levinson akapenya kupitia hapo hapo.

Lakini usimnunulie mtoto paka ili awe na akili darasani. Watafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, waliangalia familia zaidi ya 5,000 za California, wakishachuja mambo kama kipato na makazi, faida kwa watoto haikuonekana.

Na chanjo jamani. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka duniani, karibu wote kwa sababu ya mbwa, na wanne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Uking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wako.

Dada pale kauliza, ana mimba, amfukuze paka? Usimfukuze. Kinyesi chake akitoe mtu mwingine, kila siku, kwa sababu kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplazma vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, na vimelea hivyo huchukua siku moja hadi tano ndipo viweze kuambukiza. Kama huna wa kukusaidia vaa glavu, ukimaliza nawa, na paka usimpe nyama mbichi.

Nani mwingine? Mzee, kipaza sauti hicho kinakuja.