Modemu Imekwama Baada ya Simu Kukatika: Anza Hapa

Karibuni. Mezani tuna seva ya Linux inayopokea simu kwa mgetty (programu inayosubiri na kujibu simu za modemu), na modemu ya nje, USRobotics Courier, kwenye ttyS0, yaani bandari ya serial ya kwanza. Mteja akikatika ghafla, akipiga tena anakuta laini inatumika, hadi mtu aende kuzima modemu.

Usiizime kwanza! Ukizima, ushahidi wote umepotea. Tazama taa: CD (kuna mawasiliano na modemu ya mbali), OH (laini ya simu imeshikwa) na TR (kompyuta iko tayari). CD inawaka lakini OH imezimika? Basi CD imelazimishwa. OH inawaka ilhali TR imezimika? Kompyuta imeamuru simu ikatwe, modemu haisikii. Geuza modemu uangalie swichi ndogo: namba 1 ikiwa ON, modemu hupuuza DTR (ishara ya kompyuta inayowasha taa ya TR), namba 6 ikiwa ON, CD haizimiki kamwe. Zote mbili ziwe OFF, kisha zima na uwashe.

Sasa andika:

cat /proc/tty/driver/serial

Mstari wa 0 (ndio ttyS0) ukionyesha CD wakati taa ya CD imezimika, tupa kebo hiyo. Kebo za bei rahisi huunganisha DTR, DSR (ishara ya modemu kuwa tayari) na CD ndani ya plagi yenyewe, kwa hiyo kompyuta inajisomea ishara yake.

Kebo ikiwa nzima, andika:

stty -a -F /dev/ttyS0

Msitumie alama ya "<" badala ya -F, maana amri itaganda ikisubiri CD. Tunatafuta hupcl (DTR ishushwe bandari ikifungwa), na clocal (kupuuza CD) yenye kistari mbele: -clocal. Bila kistari hicho, simu ikikatika pppd, programu inayoendesha muunganisho wa PPP wa mteja, haina habari.

Kwenye /etc/ppp/options.ttyS0 ondoa local, weka:

modem
crtscts
lcp-echo-interval 30
lcp-echo-failure 4

Mistari miwili ya mwisho huokoa pale ambapo modemu haijagundua kuwa upande wa pili umeondoka: baada ya dakika 2 hivi bila jibu, pppd inafunga.

Tuje kwenye modemu. Ndani ya /etc/inittab badilisha respawn ya mgetty (inayoiwasha tena kila ikifunga) iwe off, piga init q ili faili isomwe upya, fungua minicom (programu ya kuongea na modemu moja kwa moja), andika:

AT&F1&C1&D2S0=0&W

&C1 hufanya CD ifuate hali halisi ya simu; &D2 hukata DTR ikishuka. S0=0 wengi huiruka. Mgetty hujibu simu yenyewe, hivyo modemu isijibu peke yake. La sivyo itapokea hata seva ikiwa imeganda, na mpigaji atasikia mlio tu. S10 nayo (muda wa kusubiri kabla ya kukata mawasiliano yakipotea) isiwe 255, kwani hapo modemu hujifanya bado ina mawasiliano.

Rudisha respawn, init q tena. Kwa majaribio, piga simu kutoka kompyuta nyingine kisha chomoa waya wa simu ukutani upande wa mpigaji. Kubofya kitufe cha kukata si jaribio, kwa sababu programu huaga vizuri kabla ya kuondoka. CD izimike, TR izimike kidogo na kuwaka tena, na ps ionyeshe mgetty imerudi kwenye ttyS0. Pppd ya zamani ikiwa bado ipo, soma namba yake ndani ya /var/lock/LCK..ttyS0, uipige kill -HUP, inayoiomba ifunge vizuri. Kill -9, inayoua kwa nguvu, iache iwe ya mwisho.