Injini ya Datsun 1600 inayoitika haraka, kwa spea za kiwandani tu

Mwangaluka wadau, karibuni tena Nyakato, hapa Mwanza. Kabla sijasema neno, sikilizeni hii.

Haya. Najua wengi wenu mmesikiliza injini inavyopanda. Rudisha video nyuma usikilize inavyoshuka. Nimeachia mguu, sauti imeanguka hapo hapo, haikubembea. Injini inayoshuka haraka ndiyo inayopanda haraka, kwa sababu kinachozunguka mle ndani hakina uzito wa kung'ang'ania mwendo. Basi kazi ya leo ni hiyo: Datsun 1600, injini ya silinda nne ya familia ya L, na kila chuma kilichomo humu kimetoka kiwandani Nissan. Hatukuagiza pistoni Marekani, wala hatukumpa mtu krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, aichonge upya.

Gari lenyewe wazee wa Mwanza wanalijua. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda rali ya East African Safari na Datsun 1600 SSS, toleo lake la kasi, na baada ya hapo kila mwenye Datsun mtaani alijiona dereva wa rali. Hili ni la mjomba wangu. Amenikabidhi na sharti moja: nisiliharibu sura. Kwa hiyo nje hatugusi kitu.

Sasa hesabu, na msiruke hapa. Injini ya L16 iliyokuja na gari hili ina silinda ya kipenyo cha milimita 83, na pistoni inasafiri milimita 73.3. Ni cc 1595. Kaka yake L18 ana kipenyo cha 85 na safari ya 78, cc 1770. Halafu kuna L20B, kipenyo 85 na safari 86, cc 1952. Kila mtu akija hapa anataka L20B, maana anasikia elfu mbili. Sawa, kama unabeba magunia ya mpunga kutoka Magu, chukua L20B. Ila piga hesabu ya mwendo wa pistoni. Kwenye mizunguko 7000 kwa dakika, pistoni ya L20B inakimbia wastani wa mita 20 kwa sekunde. Ya L16, mizunguko ile ile, mita 17. Hizo mita tatu ndizo zinazovunja ringi na kuchosha boliti za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki.

Tunachofanya sisi ni kuoanisha: bloku ya L18 yenye silinda pana, na krenki ya L16 yenye safari fupi. Kipenyo 85, safari 73.3, inatoka cc 1664. Inapumua kwa upana na inatembea kwa ufupi.

Krenki ya L16 inaingia kwenye bloku ya L18 bila ugomvi, kwa kuwa krenki za L16 na L18 zote mbili zinakaa kwenye metali kubwa, yaani vikalio vya krenki, za milimita 55. Ukienda kutafuta spea usimwamini mtu mdomo, beba kalipa. Ukipima shingo ya krenki ukakuta 60, umeuziwa ya L20B, irudishe. Bloku nayo imegongwa aina yake ubavuni, juu karibu na silinda hedi. Sugua kutu na brashi ya waya mpaka usome L18 kwa macho yako. Hii yetu tuliipata kwenye vyuma chakavu, imelazwa kifudifudi kuku wanalala juu yake. Tulipoigeuza silinda zilikuwa safi.

Dogo, sogeza kamera hapa kwenye konrodi. Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe, acheni niwaonyeshe.

Hizi mbili zinafanana kama mapacha. Ya kushoto ni ya L16, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine ni milimita 133. Ya kulia ni ya L18, ni 130.35. Injini yangu ya kwanza ya aina hii nilinunua bloku ya L18 ikiwa na pistoni na konrodi zake, nikaona uvivu kuzitenganisha, nikazifunga hivyo hivyo kwenye krenki fupi. Ikawaka. Lakini ikawa nzito kama ng'ombe aliyeshiba, mlima wa Bugando inapanda kwa gia ya kwanza. Nikasingizia kabureta wiki mbili. Siku nilipofungua hedi nikazungusha mpaka pistoni ikafika juu kabisa, nikakuta imesimama karibu milimita tatu chini ya uso wa bloku. Unaweza kutumbukiza kucha.

Angalia hesabu yake. Nusu ya safari ni 36.65. Ongeza konrodi ya L16, 133. Ongeza kimo cha pistoni kutoka pini hadi kichwani, 38.1. Jumla 207.75, na uso wa bloku uko 207.85. Pistoni inafika juu, imebaki unywele tu. Sasa weka konrodi fupi: unapoteza milimita 2.65, na kwenye silinda ya 85 hizo ni cc 15 za nafasi ya bure juu ya pistoni. Mgandamizo umekufa. Kwa hiyo mchanganyiko ni huu, andikeni: bloku ya L18, pistoni za L18, krenki ya L16, konrodi za L16.

Pini ya pistoni kwenye konrodi hizi imebanwa kwa presha. Isikusukume shetani kuigonga kwa nyundo na kipande cha bomba. Peleka kwa fundi mwenye presi.

Kuchonga silinda sitaeleza sana, ni kazi ya mashine. Sisi tumekwenda ovasaizi ya nusu milimita, yaani silinda na pistoni zake sasa ni 85.5. Nitakachosisitiza ni kuosha. Silinda ikitoka kuchongwa ina unga wa jiwe la msasa umejificha kwenye mikwaruzo, na mafuta ya taa hayautoi, yanausambaza tu. Maji ya moto na sabuni ya unga, brashi, sugua. Kisha chukua singlendi nyeupe, pangusa. Ona, inatoka kijivu. Rudia. Sisi tulirudia mara tano mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Ukimaliza paka oili dakika hiyo hiyo, maana kwa unyevu huu wa ziwani bloku iliyooshwa jioni asubuhi ina rangi ya chungwa.

Ringi ya juu isukume peke yake ndani ya silinda kwa kutumia pistoni ili ikae sawa, ingiza fila geji kwenye mwanya. Mimi naacha milimita 0.35. Ikibana, piga tupa kidogo kidogo kwa upande mmoja. Ikigusana ikishapata moto itavunja pistoni. Metali pima kwa ule uzi wa plastiki unaopondeka; nafasi ya 0.05 inanitosha. Fungua, futa uzi, paka oili, funga kwa spana ya toki. Krenki sasa lazima izunguke kwa vidole viwili. Dogo, onyesha. Vidole viwili, siyo mkono.

Flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya krenki. Hapa ndipo utamu wenyewe.

Tumia ya L16, iliyo na klachi ya milimita 200. Ni ya kiwandani, inakaa kwenye krenki ya L16, ila hesabu matundu ya boliti kwanza, kuna za boliti tano na za sita. Uzito ukipunguza, punguza ukingoni. Kilo moja iliyo sentimita 13 kutoka katikati inasumbua injini mara nne kuliko kilo hiyo hiyo iliyo sentimita 6.5. Kwa hiyo hata gramu mia tano za ukingoni utazisikia mguuni. Kuna fundi mmoja, simtaji, alinichongea flaiwili akatoa chuma katikati, kuzunguka boliti, kwa sababu mashine yake ilifika hapo kirahisi. Nilipoifungua baada ya miezi mitatu ilikuwa na ufa kutoka tundu moja la boliti hadi jingine. Ile ni chuma cha kumimina, ikipasuka kwenye mizunguko 6000 inakuja na miguu yako. Katikati hapaguswi, uso wa klachi usiukondeshe. Na ukizidisha wepesi, gari litakuzimikia kila ukiondoka kwenye mzunguko wa barabara na kontena liko nyuma yako linapiga honi.

Krenki, flaiwili na presha pleti ya klachi peleka visawazishwe pamoja. Konrodi na pistoni sisi tumepima kwenye mizani ya duka la dhahabu, tukasawazisha zote nne zisitofautiane hata gramu moja. Mwenye duka alishangaa, lakini alituachia.

Silinda hedi ni ya L18. Gaskiti nunua ya L18. Ukiweka ya L16 ukingo wake unachungulia ndani ya silinda, unaungua, na siku moja utaona moshi mweupe ukiwa Usagara. Tundu la moto la kila silinda lipime kwa bomba la sindano na mafuta ya taa, ukifunika na kipande cha kioo. Kila silinda yetu, ikiwa na ile ovasaizi, ni cc 421. Nafasi yote ya juu, ukijumlisha na unene wa gaskiti, ikiwa cc 50, mgandamizo ni 9.4 kwa 1. Kwa petroli ya vituo vyetu hapo panatosha.

Kamshafti, shafti inayofungua valvu, ikiwa ni ya zamani, kila roka, kile kidole kinachosukuma valvu, irudi kwenye jino lake la mwanzo. Zishazoeana. Ukizichanganya zinatafunana. Na cheni ya taiming: kabla hujafungua gia ya kamshafti, chonga kabari ya mbao, ishushe katikati ya cheni ibane kile kikaza-cheni. Bila kabari kinaruka nje, na kukirudisha lazima ufungue kifuniko chote cha mbele. Hii kabari yangu ni ya mti wa mwembe, ina miaka. Valvu zikiwa baridi, pima 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa.

Kabureta ni zile mbili za Hitachi za SSS. Sisi tuko zaidi ya mita 1100 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Dar es Salaam. Kabureta iliyosetiwa Dar ikifika hapa inamwaga petroli, plagi zinakuwa nyeusi kama sufuria ya mama ntilie. Punguza petroli kidogo kwa nati yake, endesha, toa plagi, angalia. Unataka rangi ya kahawia ya udongo wa kichuguu. Moto wa plagi weka digrii 10 kabla pistoni haijafika juu, injini ikiwa imetulia, ukipiga resi usipite 34. Mpangilio wa silinda kupata moto ni 1-3-4-2.

Kama kamshafti ni mpya, siku ya kuwasha usiiache ikilialia chini. Ikishika tu, peleka mizunguko 2000, iweke hapo dakika ishirini, mwenzako anaangalia joto na oili. Kamshafti inapata oili ikiwa inakimbia.

Haya, tuko barabara ya Kisesa, asubuhi kabla ya dagaa hazijaanza kusafirishwa. Gia ya pili. Chini ya 2500 ni mpole, sikufichi, daladala inaweza kutuacha. Sasa 4000. Sikia. 5500, 6000, na bado mkono wa geji unakimbia. Naachia... umeona ilivyoanguka?

Kilomita 800 zikifika, kaza hedi tena injini ikiwa baridi, pima valvu upya, mwaga oili. Mjomba amepiga simu mara ya tatu anauliza gari lake liko wapi.